Pedali za kunasa, na goti linalolipa gharama

Leo tuiache kompyuta kidogo, ingawa mtaona kwamba haiko mbali. Watu kadhaa wameniuliza kuhusu zile pedali ambazo kiatu kinanasa juu yake. Swali lao ni moja: matatu ikisimama ghafla mbele yangu, nitautoa mguu vipi? Swali zuri sana. Lakini kuna jingine ambalo hakuna anayeuliza, nalo ni la goti.

Kwanza historia fupi. Zamani waendesha baiskeli wa mashindano walifunga miguu kwa mikanda ya ngozi, na ili kutoka ilibidi uiname ulegeze mkanda. Kampuni ya Look ya Ufaransa ilikuwa ikitengeneza vifaa vya kushikilia viatu vya kuteleza kwenye theluji. Mwaka 1984 ikahamishia wazo hilo kwenye pedali, na 1985 Bernard Hinault akashinda Tour de France akizitumia. Basi mikanda ikaanza kusahaulika.

Zinavyofanya kazi ni rahisi. Chini ya soli kunafungwa kipande kigumu kiitwacho kliti. Kinaingia kwenye pedali, springi inakishika. Ukizungusha kisigino kwenda nje, kinaachia. Huvuti juu, unazungusha tu.

Sasa tatizo. Kwenye Black Mamba mguu hukaa popote unapopenda. Ukichoka hapa unausogeza pale, bila hata kufikiri. Pedali za kunasa zinakunyima uhuru huo. Ukizungusha mara 80 kwa dakika, saa moja ni mizunguko 4,800, na kila mmoja unapita katika pembe ileile uliyofunga. Wenzangu wa programu wananielewa: hitilafu ndogo ikiwa ndani ya kitanzi si ndogo tena.

Viatu vyangu nilivipata mitumba, kliti zimeshafungwa na mwenyewe wa kwanza. Vilinasa vizuri kabisa. Lakini kila nikifika kama kilomita 20, goti la kulia linauma upande wa ndani. Na goti hilo ndilo linalonifikisha kazini!

Nikalishughulikia kama ninavyoshughulikia programu inayokorofisha: badilisha kitu kimoja, jaribu, andika matokeo. Kabla ya kulegeza skrubu yoyote nilichora kwa kalamu mpaka wa kliti kwenye soli. Hiyo ndiyo nakala rudufu. Mambo yakiharibika unarudi ulikotoka.

Kliti zilikuwa nyekundu, za Shimano. Hapa uwe makini, maana rangi si mapambo. Inaonyesha kiasi ambacho kisigino kinaweza kucheza kabla springi haijaachia. Kwa zile za Shimano za barabarani zenye skrubu tatu, nyekundu haichezi kabisa, bluu ni nyuzi 2, manjano ni nyuzi 6. Kwa Look Keo, nyeusi haichezi, kijivu ni nyuzi 4.5, na nyekundu ni nyuzi 9. Umeona? Nyekundu ya huku ni sifuri, nyekundu ya kule ndiyo yenye uhuru kuliko zote. Na kliti za Look haziingii kwenye pedali za Shimano, kwa hiyo ukinunua mitumba angalia jina pamoja na rangi.

Nikafunga za manjano mahali palepale. Maumivu yakasogea hadi kilomita ya 40. Nikageuza pembe kidogo tu, unene wa sarafu. Yakaisha.

Ukianza upya, fuata mpango huu:

1. Vaa kiatu, papasa mfupa uliotokeza nyuma ya kidole gumba na ule wa nyuma ya kidole cha mwisho. Weka alama pembeni mwa kiatu. Ekseli ya pedali ipite kati ya alama hizo mbili. Kliti ikiwa mbele sana, misuli ya nyuma ya mguu itakulalamikia.

2. Kaa juu ya meza, miguu ining'inie. Tazama vidole vinaelekea wapi. Hiyo ndiyo pembe yako. Usiulazimishe mguu unyooke eti ndivyo inavyopendeza.

3. Paka skrubu grisi kidogo, kaza kwa zamu, si moja hadi mwisho. Shimano wanasema newtoni-mita 5 hadi 6.

4. Unapofunga pedali zenyewe, kumbuka ya kushoto hukazwa kwa kuzungusha kinyume cha saa.

5. Springi ina skrubu yake ndogo. Ilegeze hadi mwisho kwenye pedali zote mbili, kisha anza hapo. Kaza tu ikiwa mguu unachomoka wenyewe unapopanda mlima.

Hiyo ya tano ndiyo jibu la wale wa matatu. Springi ikiwa laini, na ukishika ukuta ukanasa na kuachia mara 20 kila mguu, mwili unajifunza. Barabarani, achia mguu mmoja kabla hujasimama. Wengi huanguka baiskeli ikiwa imeshatulia, polepole, mbele ya watu wote wa stejini.

Goti likiendelea kuuma baada ya haya yote, nenda kwa daktari, hiyo si kazi ya spana. Lakini kabla ya hapo, usiamini kwamba maumivu ni ada ya kuingia kwenye mchezo huu. Mwili hautabadilika umbo ufuate kiatu. Kiatu kina skrubu tatu, na zote zinalegezeka.

Haya, chukua kalamu, chora mpaka, ndipo ulegeze. Tuonane barabarani.