Farasi Aliyeguswa Bukoto

Waulize Waganda juu ya sataranji, nao watakutajia Phiona Mutesi wa Katwe, aliyeshindwa na Dina Kagramanov wa Kanada katika Olimpiadi ya Khanty-Mansiysk, Urusi, mwaka 2010, na ambaye mwaka 2012, kule Istanbul, alijipatia cheo cha kimataifa pamoja na mwenzake Ivy Amoko. Mimi si wa daraja hilo. Ni mwalimu wa Kiswahili, na mchezo nitakaousimulia ulichezwa katika ukumbi mdogo wa Bukoto, jijini Kampala, baina ya timu mbili za wanawake wanne wanne.

Michezo mitatu ilikwisha malizika, nasi tulikuwa sare, pointi moja na nusu kwa moja na nusu. Macho yote yakaielekea meza yangu. Mpinzani wangu alikuwa mama wa makamo, mzaliwa wa Bukavu. Ilipofika zamu yake alinyosha mkono, akamshika farasi aliyekaa upande, akamweka sawasawa katikati ya mraba wake.

"Amegusa!" akanong'ona mwenzangu. Sheria ya sataranji ni kali: kete uliyoigusa huna budi kuicheza, isipokuwa umetangaza kwanza kwamba unairekebisha tu. Farasi yule ndiye aliyekuwa ngao ya mfalme. Akiondoka, mchezo umekwisha. Mwamuzi akaja. Hakukijua Kiswahili, wala wenzangu hawakukijua. Akaniuliza mimi: je, alisema neno?

Alisema. "Narekebisha," kwa sauti ya chini, na kwa lugha ambayo pale mezani ni mimi tu niliyeifahamu.

Kwa miaka mingi nimewaambia wanafunzi wangu kwamba Kiswahili si lugha ya askari na bunduki, kama wazee wetu wengi walivyokizoea, bali ni lugha ya watu kuelewana. Katiba yetu ilikipa nafasi ya lugha rasmi ya pili mwaka 2005. Lakini siku ile kilihitaji shahidi. Nikajibu kwamba alisema.

Baada ya hatua kumi na moja nilimlaza mfalme wangu. Tukashindwa, na wenzangu wakaondoka bila kunisemesha. Yule mama alinishika mkono, akasema, "Dada, leo nimepata wa kunisikia."

Jumatatu nilipoingia darasani niliandika ubaoni neno moja, "narekebisha", tukaanza kulichambua.