Hatua Themanini Hadi Ukingoni

Fomu ya viza ya Uingereza inauliza utafikia wapi. Nikaandika jina la hoteli ndogo ya mjini Hull, nikafungua ramani ya setilaiti kuhakikisha mtaa, na hapo kazi ikasimama. Kidole kiliteleza mashariki, kikaipita Hedon, kikafika Withernsea, kikashuka na pwani kuelekea kusini mpaka pale kilipojua chenyewe pa kutua. Kilitua majini.

Tulifika Hull Septemba 1978, mimi nikiwa na miaka saba. Baba alikuwa mpima ardhi wa serikali, amepelekwa kusoma jiografia Chuo Kikuu cha Hull, na alichochagua kukichunguza ni pwani ya Holderness, kipande cha kilomita kama 60 kutoka Flamborough hadi Spurn. Mtu akisikia pwani ya Kiingereza huwaza majabali meupe. Holderness haina jabali. Ni genge la udongo wa kahawia uliojaa mawe, uliosukumwa na kuachwa pale na barafu ya kale, laini kiasi kwamba nilikuwa nauchimba kwa kijiko cha chai. Bahari ya Kaskazini huula kwa wastani wa karibu mita mbili kila mwaka, na ni pwani chache sana Ulaya zinazoliwa upesi namna hiyo. Vijiji zaidi ya ishirini vimekwisha kwenda. Mji wa Ravenser Odd, bandari iliyowahi kuwa na wabunge wake, ulimezwa karne ya 14. Kanisa la Owthorne liliporomoka mwaka 1816, na makaburi yake nayo yakaingia baharini. Wenzangu walilazwa kwa hadithi za sungura na fisi. Mimi nililazwa kwa hizo.

Kila Agosti tulikodi karavani kwa wiki moja kwenye shamba lililokuwa juu ya genge. Nyuma ya karavani kulikuwa na kibanda cha zege cha Vita Kuu ya Pili, chenye matundu ya kutolea mitutu, kilichojengwa kuwangoja Wajerumani ambao hawakuja. Ndani kulinuka mkojo wa kondoo. Baba alikipenda kuliko kitu chochote pale, kwa sababu karavani zilisogezwa nyuma kila genge lilipokaribia, ila kibanda hakikuwa na pa kwenda. Asubuhi ya kwanza alisimama mlangoni pake, mgongo umegusa zege, akatembea moja kwa moja hadi ukingoni kwa hatua zake za kupimia, zisizozidi wala kupungua. Kazi yangu ilikuwa kuhesabu kwa sauti, na kwa Kiswahili. Nikichanganya na Kiingereza tulirudi mlangoni tukaanza upya. Mama alikuwa akipiga kelele kutoka kwenye karavani kwamba watu wawili watakuja kupotea kwa ajili ya hesabu.

Daftari lile ninalo. Nililikuta kwenye sanduku lake la chuma baada ya mazishi, limefungwa kwa mpira uliokwisha kukauka. Ukurasa mmoja una mistari minne tu: 1979, hatua 88. 1980, hatua 87. 1981, hatua 81. 1982, hatua 80. Pembeni ya 1981 ameandika kwa kalamu ya risasi: "kimeanguka kipande kizima." Ndivyo mambo yanavyokwenda pale. Bahari hailambi sawasawa kama mtu anayelamba koni. Mawimbi huchimba mguu wa genge, mvua za baridi huulowesha udongo wa juu mpaka unakuwa mzito, kisha usiku mmoja pande lote linashuka. Kifusi chake hukinga mguu wa genge kwa muda, watu wakadhani bahari imetosheka. Kikishafagiliwa, kazi inaanza tena. Mchanga na udongo huchukuliwa kwenda kusini, na sehemu ya huo mchanga ndiyo inayoilisha Spurn, ule ulimi mwembamba unaochungulia kwenye mlango wa mto Humber.

Sasa nipige hesabu mwenyewe. Hatua 80 za Baba hazikupita mita 65. Miaka imepita zaidi ya arobaini. Nimeivuta ramani karibu mpaka picha imeanza kuvunjika, na kweli kipo: kitu cha mraba, cha kijivu, kimelala kiubavu ufukweni, povu limekizunguka. Kibanda. Ukingo umekwisha kukipita, uko nyuma kabisa, na pale karavani yetu ilipokuwa inasimama pamekuwa hewa tupu juu ya maji.

Siyo kwamba hakuna njia ya kuzuia. Withernsea ina ukuta wake. Mappleton, kaskazini zaidi, ilijengewa makinga mawili ya mawe makubwa mwaka 1991, ili kijiji na barabara vipone. Vikapona. Mchanga ukanasa hapo, na mashamba ya upande wa kusini, yaliyokosa mchanga huo wa kuyakinga, yakaliwa kwa kasi kuliko awali. Mji unalindwa, shamba linaachiwa bahari, kwa sababu gharama ya ukuta inapita thamani ya shamba. Baba angekubali, alikuwa mtu wa hesabu. Mimi nimejaribu, nimeshindwa.

Kwa hiyo safari naipanga kwa jedwali la maji. Mke wangu anashangaa kuniona natafuta tiketi ya ndege huku nimefungua kalenda ya mwezi, lakini kupita chini ya lile genge ni lazima ujue maji yanapwa saa ngapi, na bamvua ya kule hufuata mwezi mwandamo na mwezi mpevu kama bamvua ya Kunduchi. Kutoka London kuna treni ya moja kwa moja, saa mbili na nusu hivi. Hull hadi Withernsea ni basi. Reli ilifungwa kwa abiria mwaka 1964, kabla hata sijazaliwa. Spurn nitakwenda kwa miguu. Mwaka 1981 tulikwenda kwa gari, ila dhoruba ya Desemba 2013 ilikata shingo ya ule ulimi na barabara ikaenda nayo. Maji yakijaa sana sasa hufunika njia. Mwaka huohuo wa 1981 ndipo Daraja la Humber lilipofunguliwa, na feri ya kwenda New Holland ikastaafishwa. Baba alituambia vilele vya nguzo zake mbili vimeachana kwa milimita 36 zaidi ya vitako vyake, kwa sababu dunia ni duara. Mimi nililia feri.

Nilimwambia Mama twende wote.

"Mwanangu, kwa magoti haya? Nikafanye nini, nikaangalie shimo?" Akanyamaza kidogo. "Niletee ule unga mwekundu wa chipsi."

Ni mchanganyiko wa chumvi na paprika. Watu wa Hull huumwaga juu ya chipsi mpaka vidole vinabaki rangi ya machungwa, na nje ya eneo lile ni nadra kuukuta. Sisi tulirudi Dar mwaka 1982, mwaka wa foleni za sabuni na sukari, na Kiingereza changu kilikuwa cha Hull kiasi kwamba mwalimu alidhani nina kasoro ya ulimi. Kilikwisha upesi. Cha Mama hakikuisha.

Jirani yetu kule alikuwa mjane wa mvuvi, mzaliwa wa Hessle Road, mtaa wa wavuvi waliokuwa wakimfuata chewa mpaka Iceland hadi Iceland ilipofunga maji yake miaka ya sabini. Wanawake wa Hessle Road hawakufua nguo siku mume anapoingia chomboni, wasije wakamfua akaenda na maji. Yule bibi alimfundisha Mama katazo hilo, na Mama, Mluguru wa Morogoro ambaye hadi leo haogelei, akalishika. Baba hakusafiri hata siku moja, iwe Dodoma au Mtwara, nguo zikafuliwa kwetu.

Nimepata tiketi ya Jumamosi. Jumamosi ndiyo siku yetu ya kufua, na Mama ameshamwambia binti wa kazi asiguse beseni.