Si Kila Aliyekwama Hajasukuma

Watu wangu, kuna neno limenichosha: "sukuma". Kazi hupati? Sukuma. Karo haijatosha? Sukuma zaidi. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, karo ilipokosekana kabisa, na hadi leo kuna anko wangu ambaye kila sherehe lazima anivute kando anieleze sikusukuma vya kutosha.

Sasa, kuna wanasayansi ambao kazi yao ni kusukuma. Hadubini yao haina mambo ya lenzi. Inapapasa vitu kwa ncha kali ajabu, vile mtu asiyeona hupapasa njia kwa fimbo. Gerd Binnig, Calvin Quate na Christoph Gerber waliibuni mwaka wa 1986. Ncha hiyo inaweza pia kusukuma chembe ndogo sana, hivi kwamba mamia kadhaa zikipangwa laini moja ndio zifikie unene wa unywele. Ikisukuma, inapima msuguano.

Mwaka wa 2008, Dirk Dietzel, André Schirmeisen na wenzao walichapisha walichoona wakisukuma chembe za antimoni juu ya grafiti, ile nyeusi ya ndani ya penseli. Chembe za aina moja, sakafu ya aina moja. Zingine ziligoma, na iliyokalia eneo kubwa iligoma zaidi. Zingine ziliteleza karibu bila msuguano wowote.

Mbona? Chukua trei mbili za mayai, tupu. Zipandanishe, matuta yaingie kwenye mashimo: zimeshikana. Zungusha ya juu kidogo: inateleza. Atomi nazo zisipolingana, hazishikani. Lakini uchafu kidogo tu ukiingia katikati, unajaza mapengo na kukaza pande zote mbili. Matokeo yao yalielekeza kidole kwa uchafu huo.

Kwa hivyo chembe iliyogoma haikuwa mvivu. Tofauti ilikuwa chini, mahali jicho halifiki.

Najua binadamu si antimoni. Kuna watu hulala tu, tusidanganyane. Lakini rafiki yangu tuliyekesha naye tukisoma alimaliza chuo, na ninamshangilia kwa moyo wote. Kwao karo ililipwa kabla muhula kufunguliwa. Kwetu ilikuwa ni kuomba omba hadi wiki ya mtihani. Vitabu vilikuwa vilevile.

Anko, nakuheshimu. Ila siku ile, elfu kumi ingefanya kazi kuliko hotuba.