Monita ya Baba

Ukipita kwetu Machakos, chini ya milima ya Iveti, utaona sebuleni kwa mama kitu kizito kilichofunikwa kitambaa cha kufuma. Hiyo ni monita ya rangi ya IBM 5153, aina iliyotoka mwaka wa 1983. Marehemu baba aliinunua kuukuu mwaka wa 1994, pamoja na kompyuta yake.

Usicheke. Rangi zilikuwa 16 tu, na kwenye michoro ulipata 4 kwa wakati mmoja. Lakini kulikuwa na fungu moja la nyeusi, kijani, nyekundu na kahawia. Hebu fikiria: miti, paa za mabati, udongo! Kaka yangu aliuchora mlima wetu na matuta yake, naye baba akaketi kuutazama mpaka chai yake ikapoa.

Kahawia ile haikuja bure. Kompyuta ilituma nyekundu na kijani hafifu, na miali hiyo ikichanganyika huzaa manjano iliyofifia. Ndani ya monita hii mna saketi ya kupunguza kijani, ndipo ikapatikana rangi ya udongo. Kwenye monita isiyo na saketi hiyo, mlima wetu ungeonekana kama mgonjwa wa nyongo.

Sasa sikia. Desemba iliyopita nilimkuta mpwa wangu uani, bisibisi mkononi, kifuniko cha nyuma kiko chini. Mnunuzi wa vyuma vikuukuu alikuwa amemwahidi pesa kwa waya za shaba zilizozungushwa shingoni mwa kioo. Nilipiga ukelele hata majirani wakachungulia.

"Lakini Mjomba, haijawashwa!"

Ndivyo wengi tunavyodhani. Kioo hicho hufanya kazi kwa volti maelfu kwa maelfu, na umeme unaweza kusalia ndani hata baada ya waya kuchomolewa. Hakina hewa, kwa hiyo kikivunjika vipande huruka ovyo. Tena kimechanganywa na madini ya risasi, sumu mbaya hasa kwa watoto. Nawe ukiwa na runinga ya zamani yenye kisogo kirefu, hali ni hiyo hiyo.

Nairobi kuna WEEE Centre, wanaopokea vifaa kama hivi na kuvifungua kwa ujuzi. Nimemwambia mama tuipeleke huko. Alinisikiliza, akakikung'uta kitambaa chake, akaifunika upya.

Nitamjaribu tena Pasaka.