Chumba cha Oktoba, baridi ya Juni

Oktoba ikikaribia, mitaa ya Iyunga na Ikuti jijini Mbeya, jirani na Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia (MUST), hujaa vijana wenye mabegi wakitafuta vyumba vya kupanga. Iringa hali ni hiyo hiyo, maeneo ya Kihesa na Semtema, karibu na Chuo Kikuu cha Iringa. Hosteli za vyuo hazitoshi, hivyo wengi huishia mitaani.

Hapo ndipo hesabu huwa ngumu. Tangu mwaka 2022, mwanafunzi mwenye mkopo wa serikali hupewa hadi Sh10,000 kwa siku za chakula na malazi. Fedha hiyo huja kwa awamu, ilhali wenye nyumba wengi hutaka kodi ya miezi sita kwa mkupuo. Dalali naye anasubiri chake, mara nyingi kodi ya mwezi mmoja.

Ndiyo maana chumba cha bei nafuu huwa mbali na geti la chuo, au uani: kidogo, dirisha moja, choo na bomba vya kuchangia. Si vibaya, wengi wamekaa humo hadi wakahitimu. Tatizo ni kwamba chumba hukaguliwa Oktoba jua likiwaka, wakati mtihani wake huja Juni.

Mbeya ipo takriban mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, na Iringa nayo iko juu, ukingoni mwa bonde la Mto Ruaha Mdogo. Juni na Julai usiku ni wa baridi kali. Kijana aliyekulia Dar es Salaam au Mtwara, mwenye shuka moja, hushawishika kuingiza jiko la mkaa ndani, afunge dirisha na kulala.

Mkaa unaowaka hutoa gesi ya kaboni monoksaidi. Haina rangi wala harufu, na huchukua nafasi ya oksijeni kwenye damu. Kichwa huuma, kizunguzungu na kichefuchefu hufuata, kisha usingizi ambao mtu anaweza asiamke. Akikutwa katika hali hiyo, atolewe nje haraka kwenye hewa safi na kuwahishwa hospitali.

Kwa hiyo mzazi, kabla ya kutuma kodi, mwambie mwanao akuoneshe chumba kwa simu ya video. Je, dirisha linafunguka? Dari ipo? Kuna mahali pa kupikia nje ya chumba? Umeme wa Luku wanachangia vipi? Omba kulipa miezi mitatu mitatu, na udai mkataba na risiti. Kama bei ni kubwa, wawili wachangie chumba kimoja kikubwa chenye hewa.

Kisha kwenye begi lake, weka blanketi zito. Ni nafuu kuliko mkaa wa msimu mzima, na halijawahi kumuua mtu usingizini.