Zibeni Nyuzi Kabla ya Kostiki

Nilizaliwa Kisauni, Mombasa, nikaacha shule mapema, nikapanda gari la moshi kwenda Nairobi na kupata kibarua cha kuosha matangi ya asidi katika karakana moja ya Industrial Area. Hayo yatosha. Ninaandika kwa sababu mzee aliyenifunza kazi amefariki, nami nawasikia vijana wakirudia hoja ileile ya msimamizi wetu wa zamani.

Hoja yenyewe: chovya alumini nzima kwenye asidi ya salfa, pitisha umeme mpaka iote ngozi, kisha safisha mashimo ya bolti kwa tapu, kile kifaa cha kukatia nyuzi. Kuziba mashimo kwanza kwa vizibo, alisema, ni kupoteza muda.

Si kweli. Ngozi hiyo, yaani anodaizi, ikiwa ngumu ya mikroni 50 huota nusu ndani ya metali, nusu nje. Hizo 25 za nje zinaonekana si kitu, lakini kwenye nyuzi za shimo za digrii 60 kipenyo cha kati hupungua mara nne yake, yaani mikroni 100. Bolti inagoma. Ukilazimisha tapu, inakuwa butu kwa kukata oksidi, na unaacha alumini uchi palepale itakapogusana na bolti ya chuma. Kifuniko cha pampu namna hiyo kikienda Pwani, chumvi inakila.

Mzee alikausha shimo kwa upepo wa kompresa, akaingiza kizibo cha silikoni huku akikizungusha, mpaka mpira ukabana mdomo wote. Alifanya hivyo kabla ya kuosha kazi kwa kostiki soda, maana nayo hula nyuzi. Kazi ikitoka kwenye anodaizi alichomoa kizibo, akasuuza shimo, akapaka kromati ndani kwa brashi nyembamba. Ngozi ya kromati kwa kawaida haifiki mikroni 1. Bolti inaingia vizuri na alumini inapata kinga.

“Kijana, nene izibie, nyembamba iache ipite,” aliniambia.

Msimamizi alipandishwa cheo. Kazi zake zilizorudishwa na wateja alipewa Mzee azitengeneze, bila nyongeza ya mshahara.

Vijana, someni mchoro mjue ni ngozi gani inayotakiwa, ndipo mshike kizibo. Na msiguse kromati bila glavu, wala msivute mvuke wake: kromiamu heksavalenti husababisha saratani.