Mazuku ya Goma
Tukitoka Goma kwenda Sake, kandokando ya ziwa Kivu, tunakanyaga mawe meusi yaliyotapikwa na milima ya moto. Nyiragongo, wenye urefu wa meta 3,470, uliteketeza sehemu ya mji mwaka 2002. Mwaka 2021 ukamwaga moto tena. Lakini huku wenyeji humwogopa pia adui asiyeonekana wala kunuka: mazuku. Ndiyo hewa ya ukaa itokayo ardhini. Kwa kuwa ni nzito, hutuama mabondeni, hasa usiku na alfajiri, upepo usipovuma. Mtu mzima aliyesimama huenda akapita bila kudhurika, kumbe mbuzi, au mtoto aliyeinama kuokota kuni, huanguka palepale. Ashukaye kumwokoa, naye huanguka. Tulipoona mizoga ya ndege shimoni, hatukushuka kuitazama.